Sampuli ya Igogo

Alfajiri, jua halijagusa mawe ya Bugando,
nafungua koki ya chini.
Yanayotangulia nayamwaga ndooni: hayo ni ya bomba, si ya mwili.
Yanayofuata nayakinga kwenye chupa
na kuiinua mbele ya taa ya gari.

Mafuta mapya, ukiyatazama,
unaona kidole chako upande wa pili.
Haya nimeyatazama
nikaona uso wangu.

Yananuka siki na kamba iliyoungua.
Napitisha kiganja kwenye mapezi:
la kwanza moto, la pili moto,
la tatu baridi, la nne baridi kama samaki,
na tangi lenyewe halishikiki.

Kwenye kichupa cha kupumulia
punje zililetwa za bluu.
Ziligeuka waridi, kisha zikawa na rangi isiyo na jina.
Kila jioni mashine ikipoa ilivuta hewa,
na Ziwa likaingia humo, pumzi kwa pumzi,
bila kubisha hodi.

Mzee Lugwisha, kabla hajastaafu,
aliandika kwa chaki ukutani, karakana ya Nyakato:

  *Mafuta hayagombani, yanakaa yananuna,*
  *Yakishachoka moyoni, rangi yake utaona,*
  *Tope likilala ndani, joto halitoki tena,*
  *Pima ingali yavuma, ikinyamaza hapana.*

Wamepaka rangi juu yake mara mbili.
Mvua ikinyesha, herufi zinarudi.

Jumapili tukakata umeme, tukainua kifuniko.
Lilikuwepo. Limekaa juu ya koili kama mwenye nyumba,
laini, zito, jeusi lenye mng'ao,
masizi yaliyokandwa kwa asali.
Kijana Maduhu akasema, "Dada Nkwimba, hili limetoka wapi?"
Akachungulia kama kuna tundu.
Hakuna tundu.
Halikutoka popote. Ni mafuta yaleyale,
yamekula hewa, yamekula shaba, yamekula joto,
yamejigeuza.
Na joto huzaa tope, na tope hulifungia joto mlango,
na joto lililofungiwa huzaa tope.

Nililikwangua kwa mwiko wa mbao.
Chini yake karatasi ya koili:
niliigusa kwa ukucha
ikakatika kama ganda la kitunguu.
Mafuta tunachuja. Tunayapasha, tunayapitisha kwenye udongo,
yanarudi manjano, yanasahau.
Karatasi haichujwi.

Usiku nikafungua jalada.
Asidi, sifuri nukta sifuri nne: mwandiko wa Lugwisha, umeinama kulia.
Sifuri nukta moja tano: wangu, mwaka niliohamia Mkuyuni.
Sifuri nukta mbili nane: wangu. *Iendelee na matumizi.*
Ilikuwa msimu wa sangara, kiwanda cha minofu hakikutaka kuzimiwa.
Sifuri nukta nne moja: wangu. *Iendelee.*
Bajeti ijayo, walisema, na mimi nikasema bajeti ijayo,
na nilikuwa na mtoto mwenye homa,
na kalamu ilikuwa nyepesi.

Sahihi yangu ni nzuri. Ina mkia mrefu.
Imejirundika hapo, karatasi juu ya karatasi,
na ukipinda jalada inanata.

Nyanzobe wa barafu alipiga simu saa tatu:
"Unarudi lini? Dagaa wangu wameanza kulia."
Nikamwambia sijui.
Miaka kumi na mmoja kazini,
hilo ndilo jibu langu la kwanza la kweli kwa mteja.

Jumatatu nikachukua kopo la maziwa ya unga,
nikalijaza tope, nikaliweka mezani kwa mhandisi,
juu ya makadirio yake.
Akalipindua kidogo, kuona kama litamwagika.
Halikumwagika.
Lilisogea ukingoni polepole,
likasimama,
likamngoja aseme.